Ndege wa Kirumba, ndege wa Naivasha

Ukitaka kuanza kuangalia ndege ukiwa Mwanza, usikimbilie darubini. Nenda soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, asubuhi mitumbwi ikiwa inashusha mzigo. Tafuta upenyo ambapo hutawazuia wasukuma mikokoteni, maana hawana breki na hawana subira, kisha inua macho kwenye mapaa ya mabati. Marabu atakuwa amesimama hapo. Korongo mkubwa, kichwa kipara chenye madoa, mfuko wa ngozi unaning'inia shingoni, mabega kayapandisha, na macho yote yako kwenye mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa.

Nimeanza na marabu makusudi. Watu wengi wakisikia habari ya kuangalia ndege wanawaza Serengeti, gari la kufunguka juu na mgeni mwenye kofia pana. Huyu yuko hapahapa, bure. Akisimama anafika hadi mita 1.5, na mabawa yake yakikunjuliwa yanapita mita 2.5. Tena anakuacha umsogelee kuliko ndege yeyote wa hifadhini. Ukimtazama vizuri utaona miguu yake ni myeupe. Kwa asili haiko hivyo, ni ya kijivu iliyokolea. Ni yeye mwenyewe anayejinyea miguuni makusudi, na yale majimaji yakikauka yanaipoza damu inayopita humo. Simama Mwaloni saa saba mchana bila mwamvuli, utamwelewa.

Pembeni yake kuna mwewe, wale wenye mdomo wa njano, ambao hawasubiri mapanki. Wao wanachukua mkononi. Nimeona mtu ananyang'anywa kipande cha sato akiwa anakipeleka mdomoni, na aliyelalamika zaidi si yeye, ni mwenzake aliyekuwa ameahidiwa nusu. Chini, katikati ya miguu ya watu, yangeyange wanatembea kwa hadhi, weupe wao haujaguswa na tope lote lile. Na kunguru, wale wa kwetu wenye kifua cheupe. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini hawakuwahi kufika Mwaloni.

Mimi nauza nyavu. Duka letu liko Kirumba, na wateja wangu karibu wote ni watu wa majini: wa sangara wanaotaka nyavu za inchi 6 na 7, wa dagaa wanaotaka vyandarua vya macho madogo, kamba, maboya. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa wanapumzika kwa sababu taa zao hazina kazi mbele ya mwezi, na hapo ndipo duka linajaa watu wanaoshona nyavu na kupiga soga. Ni katika soga hizo nilipogundua kwamba nimezungukwa na waangalizi wa ndege ambao hawajawahi kujiita hivyo.

Muulize mvuvi yeyote mwenye umri. Atakueleza kwamba shakwe na buabua wakikusanyika sehemu moja na kuanza kujirusha majini, chini yake kuna dagaa waliosukumwa juu. Mnandi wakiwa wengi kwenye mwamba mmoja, maji ya karibu hayakosi samaki. Atakueleza pia kuhusu yale mawingu ya wadudu yanayonyanyuka ziwani na kusimama juu ya maji, meusi, marefu, yanayoweza kukuziba pua ukipita katikati. Na kwamba buabua huyafuata na kula humohumo hewani. Wengi wa buabua hao wenye mabawa meupe si wazaliwa wa hapa. Wanazaliana Ulaya Mashariki na Asia, kisha wanashuka kwetu miezi ambayo kule ni baridi. Mvuvi hakuniambia hilo, nilisoma. Lakini yeye aliniambia mwezi wanaofika, na hakukosea.

Upande wa pili wa jambo hilohilo wako akina mama wanaoanika dagaa, Igombe na Kayenze, kwenye mchanga au kwenye chanja. Kwao ndege ni hasara inayotembea kwa miguu miwili. Siku moja nilikuwa nimesimama Igombe namtazama yangeyange akichagua dagaa mmoja mmoja kutoka kwenye mkeka wa mtu, na mwenye mkeka akaniita: "Dada, kama una muda wa kumtazama, una muda wa kumfukuza." Nikamfukuza. Akarudi upande wa pili.

Nilikuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Nimekulia Magu, na mtoto wa Magu, kama nyumbani kuna mpunga au mtama, anajua kuamia. Unapanda dungu kabla jua halijachomoza, una kombeo na rundo la mawe ya udongo, na unakaa huko mpaka ndege waende kulala. Adui mkuu ni kwelea kwelea. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kiasi ambacho mtu hawezi kukihesabu kuwa ni wizi. Sasa chukua kundi la ndege milioni moja, na makundi ya ukubwa huo yapo: hiyo ni tani 10 kwa siku, kila siku, mpaka mavuno. Ndiyo maana serikali hutuma ndege za kunyunyizia sumu kwenye mapori wanakolala, dawa ambayo kwa bahati mbaya huwafikia pia vipanga na wengine wanaookota mizoga.

Lakini kukaa juu ya dungu siku nzima kunamfundisha mtoto mambo ambayo hakutumwa kujifunza. Nilijua kundi la kwelea likigeuka angani linabadilika rangi. Nilijua sauti ya dudumizi, ule mfululizo unaoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba, na bibi akiisikia alikuwa anaanza kuanua. Nilijua korongo taji hutembea wawili wawili shambani na kwamba huwa hawana haraka. Huyo sikuwahi kumrushia jiwe, ingawa sikuwa na sababu ya maana zaidi ya kwamba alikuwa mzuri mno. Leo yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu 2012, na nikimwona kwenye majaruba ya barabara ya Musoma nafungua dirisha la basi hata kama kuna vumbi na abiria mwenzangu ananiangalia vibaya.

Sasa naishi Pasiansi, nyumba ya kupanga, uani kuna mwembe na mti mmoja wa mapambo wa jamii ya minazi. Huo mti wa mapambo umetekwa na kwera. Kama hujawahi kumtazama kwera dume akijenga, tafuta kiti. Anachana majani mabichi kuwa nyuzi, anafuma pete kwanza, kisha chumba, kisha mlango unaotazama chini. Akimaliza, ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapepesa mabawa na kupiga kelele kutangaza nyumba. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta kuta kwa mdomo akiwa ndani. Mara nyingi anatoka na kuondoka bila neno. Kiota kikikauka na kugeuka kahawia bila mtu kukitaka, dume anakibomoa mwenyewe, uzi kwa uzi, na kuanza kingine palepale.

Mama mwenye nyumba alitaka mti ukatwe kwa sababu ya nguo zinazoanikwa chini yake, na kusema kweli alikuwa na hoja. Nilimwomba asubiri.

"Mama, subiri kidogo watoto watoke."

"Watoto wa nani?"

"Wa hao ndege."

Alinitazama kwa muda, akaguna, akahamisha kamba ya nguo. Siku hizi ndiye anayenipa taarifa nikirudi kazini. "Fundi wako wa upande wa choo leo kabomoa tena," ananiambia, "na safari hii alikuwa kajenga vizuri." Ameanza kuwa na upande anaoushabikia.

Uani hapo kuna wengine. Chozi wanakuja kwenye maua ya mgomba, dume akiwa na mng'ao unaobadilika kila akigeuka. Kurumbiza anaimba gizani kabla ya adhana, na ana tabia ya kuiga ndege wengine ili kukuvuruga. Kwarara wanapita juu jioni wakipiga yale makelele yao ambayo mgeni akiyasikia mara ya kwanza anadhani kuna mtu ameumizwa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye mtu angesafiri kutoka mbali kumtafuta. Lakini nadhani hapa ndipo jicho linapotengenezwa. Ndege unayemwona kila siku unamjua anakula nini, anagombana na nani, analala wapi, analia vipi akiona nyoka. Ukishamjua mmoja kwa kina namna hiyo, ukifika ugenini unatambua mara moja kinachotofautiana. Aliyeanza na wa ugenini anaona rangi tu.

Darubini nilinunua baadaye, ya mtumba, na imeniletea maneno kuliko simu. Mwanza ni mji wa vilima na majabali, na nyumba nyingi zimepandana juu yake bila ramani ya mtu. Ukisimama Bugarika na darubini shingoni, daftari mkononi, unatazama kilimani na kuandika, hakuna atakayefikiria ndege. Mzee mmoja alitoka ndani akiwa bado anafunga vifungo vya shati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kupima tena?"

Nilimweleza. Hakuamini, akaomba darubini, nikamwelekeza kwa mwewe aliyekuwa ametua kwenye jabali. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba yake kunionyesha kitu alichosema ni kikubwa zaidi: kiota cha fundichuma kwenye mtini uliojipenyeza kati ya mawe mawili. Fundichuma ni ndege wa kahawia wa kawaida tu, kichwa chake kina umbo la nyundo, lakini nyumba yake ni maajabu. Maelfu ya vijiti, matope, matambara, paa juu, mlango mdogo kwa chini, upana unaoweza kupita mita moja na nusu. Mtu mzima anaweza kusimama juu yake na kisibomoke. Mzee alisema watoto wa pale wanapanda kila mti isipokuwa ule, kwa kuwa wanaambiwa anayegusa nyumba ya fundichuma hujiletea balaa. Sina ugomvi na imani inayolinda kiota.

Kwenye simu ninayo Merlin, programu ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Unapakua orodha ya nchi yako mara moja, kisha inafanya kazi hata bila bando. Ni msaada mzuri, hasa kwa picha. Ila naiuliza mwisho, baada ya mimi mwenyewe kubahatisha.

Kwa mtu wa Mwanza aliye na nusu siku, Saanane inatosha. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 na sehemu yake ni maji. Unapanda boti Capri Point, na dakika chache tu umefika. Kilichokuwepo zamani ni bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1964, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi kisiwani. Watu huenda kupiga picha na wale mijusi wenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu, nami siwalaumu, lakini upande wa magharibi, kwenye majabali yanayoingia majini, wako mnandi wanaokausha mabawa na mdiria wanaovua. Kaa hapo. Pimbi watakuja kukuangalia wewe.

Safari zangu ndefu karibu zote ni za basi, na ndege wa basi ana masharti yake. Unamwona kwa sekunde mbili kupitia kioo chenye vumbi, au unamsubiri gari lisimame kuchimba dawa, ambapo wenzako wanakimbilia vichakani na wewe unatazama juu ya vichaka hivyo, jambo ambalo ni vizuri kulieleza mapema. Hata hivyo njia ya Mwanza kwenda Dodoma ina zawadi moja ambayo sijawahi kuchoka nayo. Kwetu huku kuna kasuku wadogo wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, wanaoruka kwa kasi katika makundi madogo huku wakipiga kelele kali. Wanaishi kuanzia visiwa kama Ukerewe na Kome, mpaka Serengeti, mpaka Nzega na Singida. Aliyewapa jina la kisayansi ni mtaalamu wa ndege Reichenow, mwaka 1887, kwa heshima ya mpelelezi Mjerumani aliyeitwa Gustav Fischer, na kwa asili makao yao ni kaskazini mwa Tanzania.

Basi likivuka mbuga za Wembere, likapanda mlima Sekenke, likaiacha Singida na ziwa lake la chumvi, anza kuwa makini. Kasuku wale wale, ukubwa ule ule, kelele karibu ile ile, lakini sasa kichwa ni cheusi na shingoni kuna ukosi wa njano. Hao ndio wa Dodoma na nyanda za kati, nao pia asili yao ni Tanzania tupu. Hakuna kibao barabarani kinachokwambia umevuka. Abiria mwingine ataona Manyoni. Wewe umeona kwamba nchi imebadilika kichwa.

Na ukishuka mpaka Dar es Salaam, utakutana na kunguru mwembamba, mweusi, shingo ya kijivu, aliyejaa mjini kote. Huyo ni wa India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na tangu hapo hajaomba ruhusa ya kwenda popote. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Ukikaa Dar wiki moja ukirudi Mwanza, utamwona kunguru wetu wa kifua cheupe kuwa mstaarabu.

Kwa upande wa magharibi, safari ilibadilika Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Sitasema kitu kibaya juu ya daraja lile. Nimewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko nikiwa na mgonjwa garini, na anayekumbuka saa zile hawezi kulilia kivuko. Ila kwa haki, foleni ile ilikuwa kituo kizuri cha ndege. Ulikuwa huna pa kwenda, na mdiria walikuwa kwenye kila mti wa kufungia kamba. Sasa unapita juu yao kwa dakika chache, na ukitaka kuwaona inabidi uamue kusimama.

Njia hiyo ndiyo inayokupeleka Geita, Chato na hatimaye kwenye boti za Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kisiwa chenye msitu mzito na furukombe wengi mno. Asubuhi wanaitana kutoka ghuba moja hadi nyingine, kichwa kimetupwa nyuma, na sauti inasafiri juu ya maji mpaka unashindwa kujua ni yupi ameanza. Huko pia wako kasuku wa kijivu, wale wanaojua kuiga maneno ya watu. Waliachiwa huko mwaka 2000 baada ya kukamatwa wakisafirishwa kimagendo. Ndege waliotolewa kwenye masanduku ya walanguzi wakapewa kisiwa. Nadhani ni fidia nzuri.

Lakini safari iliyonipa mawazo zaidi ni ya Naivasha. Nilikwenda Kenya kwenye harusi ya binamu, tukapitia Sirari, na baada ya sherehe wenyeji wakatupeleka ziwani. Naivasha iko juu kwa zaidi ya mita 1,800, asubuhi yake ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Nilikuwa bado natetemeka chini ya migunga nikasikia kelele ninazozijua. Nikatazama: kasuku wadogo wa kijani. Uso wa chungwa! Nikakaribia kusema shikamoo. Kisha nikaona mmoja ana kichwa cha kahawia chafu, si cheusi, si cha chungwa. Mwingine hivyo hivyo.

Ndivyo walivyo wa Naivasha. Hawakuruka wenyewe kutoka kwetu. Mababu zao walitoroka kwenye vizimba vya wafugaji. Wale wa kwetu na wale wa Dodoma, ambao Tanzania kila mmoja ana upande wake, walikutana uhamishoni, wakaoana, na sasa watoto wao wana vichwa ambavyo havimo kwenye kitabu. Mtembeza boti alisema ni kasuku wa Naivasha, na kwa sasa nadhani ana haki.

Na kwenye boti hiyo nikamwona mdiria. Mweusi na mweupe, yule yule wa Saanane, anaelea hewani palepale, mabawa yanapiga, kichwa kimetulia kabisa, kisha anajiachia. Alitoka na samaki wa kushiba, akampigiza kwenye tawi, akammeza. Nikashangaa ukubwa wa samaki. Mdiria wa kwetu mara nyingi anatoka na dagaa.

Nilipozungumza hivyo kwa sauti, dada mmoja aliyekuwa nasi, mwalimu wa biolojia, akanieleza utafiti ambao tangu hapo sijaacha kuufikiria. Mtaalamu aitwaye Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza mdiria hawa katika maziwa haya mawili, Naivasha na Victoria, na kuchapisha matokeo kuanzia miaka ya 1980. Mdiria wanachimba vishimo kwenye kingo za mchanga na kutaga humo. Kuna madume wengi kuliko majike, kwa hiyo kila mwaka madume wengine wanabaki bila mke. Baadhi ni watoto wa kiume wakubwa wa jozi yenyewe, wanabaki nyumbani kuwalisha wadogo zao. Hao wanakubaliwa kote kuwili. Lakini kuna kundi la pili: madume wasio na undugu wowote, wanaokuja na samaki mdomoni wakitaka kulisha watoto wa wengine.

Naivasha, mwenye nyumba anawafukuza. Ziwa Victoria, anawafukuza mwanzoni, na vifaranga wakishatoka anawaruhusu. Ndege ni wale wale. Kilichotofautiana ni ziwa. Kwetu walikokuwa wakivua ni mbali, mawimbi ni makali, samaki ni wadogo, na baba na mama peke yao hawawezi kuwashibisha wote. Bila msaada vifaranga wanakufa njaa. Reyer akaenda mbali zaidi: akahamisha vifaranga kati ya viota. Jozi ya Naivasha iliyoongezewa watoto ikaanza kukubali msaada. Ya Victoria iliyopunguziwa ikawa haina haja nao. Yaani hakuna aliyezaliwa mkarimu wala mchoyo. Mzigo ndio uliokuwa unaamua.

Nilirudi Mwanza nikiwa na hamu ya kuwatazama upya ndege niliodhani nawajua. Kwa majuma kadhaa, nikipata nafasi ya Jumapili, nilikuwa nakwenda kwenye kingo za mchanga upande wa Kayenze kuhesabu nani anaingia kishimoni na nani anakaa mlangoni. Kuwatofautisha madume na majike si kazi: dume ana mikanda miwili kifuani, jike mmoja uliokatika katikati. Kujua nani ni mtoto na nani ni mpita njia ni kazi kwelikweli, na mtu asiyeweka pete za rangi miguuni mwao kama Reyer anabaki kukisia. Nilikisia kwa furaha.

Mbalamwezi iliyofuata duka lilijaa kama kawaida, nikawasimulia. Nilitaka kuona watu ambao wenyewe wanavua dagaa watasemaje juu ya ndege anayevua dagaa. Kijana mmoja akauliza kama Naivasha kuna ajira. Mwingine akasema kumbe hata mdiria wa Kenya ni matajiri. Mzee mmoja, mwenye mtumbwi na watu wanne chini yake, alikuwa kimya akishona, sindano ya nyavu inaingia na kutoka.

"Huyo wa nje," akauliza bila kuinua kichwa, "anayelisha watoto wasio wake. Analipwa nini?"

"Mara nyingi hapati kitu mwaka huo, baba. Lakini mwaka unaofuata, baba mwenye nyumba akiwa amekufa au amepotea, yule mama anamfahamu tayari. Baadhi yao humwoa."

Duka zima likacheka, isipokuwa yeye. Akakata uzi kwa meno.

"Basi baba mwenye nyumba anajua," akasema. "Ndiyo maana anaanza kwa kumfukuza." Kisha akaniuliza bei ya maboya, na tukabishana kuhusu hilo mpaka jioni.